Mwaka Tuliocheza Forodhani

Otieno hajui kutoa habari mbaya. Alinipigia simu asubuhi akaniuliza hali ya magoti yangu, akauliza kama mvua imefika kwetu, akasifu mahindi ya mtu nisiyemjua, na hapo nikajua kuna mtu amekufa. Nikamwambia, "Otieno, sema." Akasema, "Mzee Wafula ametuacha, Damari. Watu wanakutana kwa binti yake hapo Riruta, kabla hajapelekwa nyumbani Bungoma." Nikakaa kwenye kiti cha jikoni na mwiko mkononi. Katika umri huu wangu nimezika watu wengi, na wengine, Mungu anisamehe, niliwalilia kwa adabu tu. Huyu nilimlilia mpaka uji ukashika chini ya sufuria. Hakuwa ndugu yangu wala mume wangu. Alikuwa mkubwa wangu kazini kwa mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kisha nikahamishwa. Lakini kazi yoyote niliyoifanya vizuri baada ya hapo niliifanya nikijiuliza Wafula angeitazama kwa jicho gani.

Ofisi yetu ya forodha ilikuwa katika jengo la mawe karibu na stesheni ya reli, na madirisha yake yalitazama maghala ambamo mizigo iliyotoka Mombasa ilishushwa. Watu hudhani forodha ni kupekua mabegi. Kumbe kazi iliyotuumiza vichwa ilikuwa kuamua kitu ni nini, maana kila kitu kilichoingia nchini kilikuwa na fungu lake katika kitabu cha ushuru, na fungu likikosewa, mtu anaumia. Mwavuli wa mwanasesere ni mwavuli, au ni kitu cha kuchezea? Kalamu yenye saa tumboni ni kalamu, au ni saa? Siku hizo nchi tatu za Afrika Mashariki zilitumia kitabu kimoja, kwa hiyo kosa tulilolifanya Nairobi lilipanda treni likafika Kampala. Chumba chetu kilikuwa kirefu, kimejaa harufu ya wino, majani ya kupakia vyombo na sweta la Wafula la kahawia, ambalo alilivaa hata Januari. Na ndani ya chumba hicho Wafula alikuwa na sheria yake moja, ambayo haikuandikwa popote: hakuna kitu kupewa fungu kabla hakijatumiwa. Zikija kofia, alizivaa. Ikija mashine ya kusaga nyama, alimtuma mtu Dagoretti kwenye vichinjio, nyama ikaja, ikasagwa, tukaipika. Nilimkuta siku yangu ya kwanza ofisini akipuliza tarumbeta ya bati kwa uso mzito kama wa hakimu. Akaiweka chini, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye mpya? Shika. Puliza. Halafu uniambie kama hii ni ya bendi au ni ya mtoto." Nikapuliza. Nikasema ni ya mtoto, kwa sababu haiwezi kutoa sauti mbili tofauti. Akacheka kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeletewa zawadi, na toka siku ile mimi nilikuwa mtu wake.

Saa ya chakula tulishuka naye mpaka River Road, mimi na Otieno, tukala ugali na matumbo kwa mama mmoja mwenye meza ndefu nyuma ya duka la misumari. Njiani Wafula alisimama kila mlango. Alishika bawaba, alinusa karatasi kwa wachapishaji, aliuliza mafundi, "Hii mnaitumiaje?" Wengine walimwona mwendawazimu. Otieno, aliyekuwa kijana mwembamba mwenye mdomo usiopumzika, alimwambia, "Mzee, siku moja utaletewa jeneza, na hiyo utaijaribu aje?" Wafula akafikiri huku akitafuna, kisha akajibu, "Hiyo nitawaachia nyinyi mnijaribishie." Tulicheka mpaka mama wa matumbo akaja kuuliza kuna nini. Juzi nilipolikumbuka jibu lile sikucheka hata kidogo.

Nyumbani kwangu wakati huo kulikuwa Dagoretti, katika boma la mjane mmoja aliyeitwa Mama Wairimu. Alikuwa na safu ya vyumba vya mbao alivyokodisha, na changu kilipakana na jiko lake. Mbao zilikuwa na nyufa, kwa hiyo nilijua kila kilichopikwa na kila kilichosemwa. Chakula cha jioni nilikula kwake, kwa mapatano ya kodi: githeri, irio, kabichi siku nyingi, na chai nyeupe pepepe kwa sababu alikuwa na ng'ombe wake wa maziwa. Mwaka ule aliwauza wote. Duka moja Ngara lilikuwa limeachwa na mwenyewe aliyehama nchi, na Mama Wairimu akalichukua. Hakutaka kuuza sukari na unga kama kila mtu. Alikuwa amewahi kuwafanyia kazi matajiri wa mtaa wa Kilimani, akawaona siku za Krismasi wakikaa mezani, wazee kwa vijana, wakicheza mchezo wa kwenye sanduku na kucheka mpaka machozi. Aliniambia, "Damari, mimi nilikuwa nasimama hapo na sinia, najiambia, siku moja watu wetu pia watakaa hivi. Baba na watoto yake, meza moja, wanacheka." Basi akaagiza michezo hiyo kutoka ng'ambo, makreti kwa makreti, na kila alichokuwa nacho kikaingia humo. Chai yetu ikawa turungi, nyeusi, bila tone la maziwa. Aliinywa akitabasamu.

Makreti yalifika mwezi wa Novemba, na karatasi zake zikaangukia meza yetu. Juu yake niliona jina la Mama Wairimu. Nikaenda moja kwa moja kwa Wafula.

"Mzee, mwenye mzigo huu ndiye landlady wangu."

"Unakula kwake pia?"

"Kila jioni."

Akaichukua karatasi mkononi mwangu taratibu. "Umefanya vizuri kusema. Basi hii si yako. Kaa kwa kiti yako, angalia, usiguse kitu. Na ukifika nyumbani, hujaona chochote."

"Na akiniuliza?"

"Mwambie aulize Wafula. Ni jina fupi, halitakuchosha mdomo."

Shida yenyewe ilikuwa hii. Wakala wa Mama Wairimu alikuwa ameandika kwamba mzigo ni vitu vya kuchezea watoto. Lakini sanduku lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na dadu, kadi, chupa ya mchanga ya kupimia muda, na ubao wa duara wenye rangi na mshale wa kuzungusha. Mkuu wetu, Bwana Mulei, aliuona mshale ule akakunja uso. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu safi, na alikuwa ameshuhudia wanaume wa ushirika wake wakiacha mishahara yote kwenye dadu nyuma ya soko, watoto wakilala njaa. Kwake yeye dadu haikuwa mchezo. Na vifaa vya kamari havikuingia nchini bila kibali. Vikikamatwa havirudi kwa mwenyewe, na leseni ya duka inakwenda navyo. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: fungu moja, Mama Wairimu ana duka, fungu lingine, hana duka, hana ng'ombe, na mimi nitakula chakula chake jioni nikijua.

Wafula, kama kawaida yake, akasema tucheze kwanza. Lakini vipande vya plastiki vya kuhesabia pointi havikuwamo. Vilikuwa vimefungwa katika kreti jingine ambalo behewa lake lilikuwa bado njiani. Wafula hakutaka kungoja. Akashuka barabarani akanunua njugu karanga, akamgawia kila mchezaji fungu lake, na wakaanza, yeye na Otieno na makarani wengine wawili. Mimi nilikaa kwenye kiti changu kama mtoto aliyekatazwa kuoga mtoni. Mshale unazungushwa, unasimama kwenye rangi, nawe unavuta kadi, kadi inakuamuru: imba ukiwa umeziba pua, tembea na kitabu kichwani, igiza mnyama mpaka mtu amtambue. Ukishindwa, unatoa njugu. Mlango ulifunguka wakati mbaya kuliko wote. Otieno alikuwa amekusanya njugu zote za meza mikononi, amepiga kelele "Nimewamaliza!", na amezitupa mdomoni. Akageuka, mashavu yamejaa, akakutana uso kwa uso na Bwana Mulei.

"Otieno ameshinda?" Bwana Mulei akauliza kwa upole.

Otieno alikuwa bado akitafuna.

"Ameshinda kitu, na amekila. Dadu iko, mshale uko. Sasa mnataka nini ingine? Wafula, andika kamari."

Nilitamani ardhi ipasuke. Katika ofisi zote za dunia, ni sisi tu tungeweza kuchukua mchezo wa watu usio na hatia na kuufanya kamari kwa mikono yetu wenyewe, kisha tukautafuna ushahidi. Nilimtazama Wafula nikitegemea abishane, maana alijua kubishana. Hakubishana. Alisimama, akapangusa maganda kwenye sweta lake, akasema, "Bwana, kosa ni langu. Njugu nilileta mimi. Sanduku halikuja nazo. Nilikuwa na haraka, nikakipa kitu cha watu tabia ambayo si yake." Aliyasema hayo mbele yetu sote, sisi tuliokuwa chini yake, bila kutazama chini. Sikuwa nimewahi kumsikia mkubwa akisema "kosa ni langu" na sauti yake ikabaki ile ile. Kisha akaomba behewa lingojwe, mchezo urudiwe na vifaa vyake vyenyewe. Bwana Mulei akampa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Siku zile za kungoja ndizo zilizonifundisha Mama Wairimu ni mtu wa namna gani. Alijua mzigo umekwama. Alijua nafanya kazi wapi. Alikuwa akinipigia pasi sketi yangu ya kazi. Na kila jioni alinipakulia, akaniuliza kama viatu vimelowa, akanisimulia ya sokoni, wala hakugusa habari ile hata kwa mbali. Jumapili tulipotoka kanisani alinichukua kwa miguu mpaka Ngara kunionyesha duka. Alikuwa ameosha rafu kwa sabuni, akazitandika magazeti, na juu yake hapakuwa na kitu. Alisimama nyuma ya kaunta tupu, akaweka mikono yake juu ya mbao, akasema tu, "Krismasi ikipita, hii vitu nitauzia nani?" Hakuwa ananiuliza mimi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu haukunipa usingizi, lakini jambo ninalolikumbuka ni jioni yake. Kaka yake Mama Wairimu alikuja, dereva wa lori aliyeitwa Muchiri, mtu mwema mwenye sauti ya kuita abiria, na aliyependa kuongea Kiswahili cha mjini hata na dada yake. Mimi nilikuwa chumbani mwangu nikikunja nguo. Kupitia ufa wa mbao nikamsikia:

"Si huyo msichana anafanya hapo forodha? Anakula hapa kila siku. Mwambie aongee neno moja tu kwa wakubwa."

Nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria.

"Damari analala kwa nyumba yangu," Mama Wairimu akasema. "Nikimtuma aharibu kazi yake juu yangu, huyo nitamwangalia na macho gani?"

"Si kuharibu. Ni kuuliza tu."

"Basi kauliza wewe. Mlango ya ofisi yao iko wazi. Huyu mtoto mwachie chakula yake."

Nilikaa kitandani na blauzi mkononi, nikalia kwa kuziba mdomo, kwa sababu ukuta ule ulisikiza pande zote mbili. Alikuwa na kila sababu ya kuniomba, na sina hakika ningeweza kumkatalia. Hata leo nikiulizwa heshima ni nini, sifikirii watu waliosimama jukwaani. Nafikiria mwanamke yule na mwiko wake. Baadaye aliponiita kula, kwenye sahani yangu aliweka kipande cha nyama, na kwenye yake hakikuwapo.

Ijumaa kreti la pili lilikuwa limefika. Wafula akamwaga vile vipande vya plastiki mezani, vyekundu na bluu na kijani, vyepesi, visivyoliwa, visivyonunua kitu popote duniani. Otieno alikalishwa mbali na chakula cha aina yoyote. Na Bwana Mulei alipokuja kusimama mlangoni, Wafula akamvutia kiti.

"Mimi sichezi," Bwana Mulei akasema.

"Bwana, wewe ndiye utaweka sahihi. Usiweke sahihi kwa kitu umeona kwa mlango."

Sijui ni nini kilichomkalisha. Nadhani ni ile haki iliyokuwa ndani yake. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mtu wa uongo. Akavua koti, akazungusha mshale, akavuta kadi, akaisoma mara mbili. Kisha akasimama, mzee wa kanisa, mkuu wa idara, akaweka mikono miwili kando ya kichwa kama masikio marefu, akatikisa shingo, akapiga teke nyuma, akafungua kinywa na kutoa sauti ambayo mtoto yeyote wa Dagoretti angeitambua akiwa usingizini. Alikuwa punda, waziwazi kabisa. Karani mmoja akatazama dari. Otieno, ambaye mdomo wake haukuwahi kukaa kimya toka azaliwe, akaanza kukagua kucha zake. Nani angemwambia mkuu wa idara, "Wewe ni punda"? Mchanga unashuka kwenye chupa, Bwana Mulei anazidi kupiga teke, jasho linamtoka, anatukodolea macho ya kusihi, na sisi kimya. Karani wa pili akajaribu, "Ni... ni swara, bwana?" Mchanga ukaisha.

"Punda, bwana," Wafula akasema polepole.

"Punda!" Bwana Mulei akapiga meza. "Ni punda! Kwani nyinyi hamjawahi ona punda? Mbona mlikaa kimya?" Halafu akatutazama mmoja mmoja, akaelewa. Kicheko kilianza tumboni mwake, kikapanda, kikamshinda, akashika ukingo wa meza. Sikuwa nimejua ana meno mazuri vile. Tulicheka sote, hata mimi niliyekatazwa kugusa, maana kucheka hakukuwa kumekatazwa.

Wafula alingoja kicheko kitulie. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililobaki nami maisha yote: "Bwana, umeshindwa. Aliyeshindwa amepoteza nini?"

Bwana Mulei, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli, hakujibu haraka. Alipapasa mfuko wa suruali, akapapasa wa shati, kama anayetafuta funguo. "Labda heshima kidogo," akasema.

"Hiyo haina fungu kwa kitabu yetu," Wafula akasema.

Haikuwa kamari. Lakini Wafula hakuishia hapo, na ndiyo maana nilimheshimu kuliko nilivyompenda. Wala havikuwa vitu vya kuchezea watoto, kama alivyoandika wakala, kwa sababu watu wazima walikuwa wameucheza mpaka machozi. Ilikuwa michezo ya mezani na ya karamu, na ushuru wake ulikuwa mkubwa zaidi. Aliandika hivyo hivyo, na mimi nimekaa pale pale. Mama Wairimu alipoitwa na kuelezwa, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Lakini ni yangu?" Wafula akamwambia, "Ni yako, mama." Akalipa bila neno. Alipotoka alinipita kwenye kiti changu bila kunitazama, kama hatujuani, na ule ndio upendo mkubwa alioweza kunionyesha siku ile.

Krismasi duka la Ngara lilijaa watu mpaka barabarani, maana Mama Wairimu alikuwa ameweka meza nje na Muchiri akawa anawaigizia wapita njia kuku anayetaga. Wafula alikuja na binti yake mdogo begani, akapanga foleni. Mama Wairimu alitaka kumpa sanduku bure, akakataa kwa kucheka, akalipa kama wengine, akaondoka nalo kwapani. Januari chai ikarudi kuwa nyeupe. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, lakini alitosha.

Huyo binti wa begani ndiye tuliyemkuta Riruta wiki iliyopita, mama mtu mzima, nywele zina mvi. Watu walikuwa wamejaa sebuleni na uani, wanaimba, wanakunywa chai na mkate, wanachanga kwa ajili ya safari. Juu ya kabati niliona sanduku, pembe zake zimefungwa kwa utepe wa gundi mara nyingi mpaka picha haionekani. Binti akaniambia kwamba miaka ya mwisho mzee alisahau majina, akasahau njia ya kanisani, lakini mchezo ule hakuusahau, na kila Jumapili alicheza na wajukuu. Wajukuu waliposikia tunauzungumzia wakaushusha. Wazee wengine walinong'ona kwamba si mahali pake. Binti akasema waacheni.

Tukacheza basi, mimi na Otieno tukiwa tumebanwa kwenye kochi na watoto. Mshale umepinda lakini unazunguka. Otieno akavuta kadi, akaisoma, akanitazama, na nikajua kabla hajasimama. Akaweka mikono kando ya kichwa chake cheupe, akapiga teke dogo, lile ambalo nyonga zake zilimruhusu. "Punda! Babu, wewe ni punda!" watoto wakapiga kelele papo hapo, bila hofu yoyote, wanamrukia magotini. Otieno akacheka huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Mchezo ulipokwisha, mjukuu mkubwa akafunga sanduku kwa mikono miwili, akasimama wima, na kwa sauti aliyoirithi kabisa akauliza, "Aliyeshindwa amepoteza nini?" Kumbe ndivyo babu yao alivyowafundisha kumaliza. Wenzake wakajibu kwa pamoja, kwa kelele, "Hakunaaa!" Mimi nilikuwa nikipapasa mifuko ya koti langu, mmoja na mwingine, kama Bwana Mulei siku ile, natafuta nilichopoteza.